RAFIKI YAKO AKIWINDWA NA WATU WA NYUMBANI KWAKO

Ujumbe wa leo ni mrefu kidogo. Mimina chai yako, usome mpaka mwisho.

Kuna swali ambalo vijana wetu huniuliza kila tunapogusa habari za Vita vya Pili vya Dunia. Wanasema: "Mchungaji, Wayahudi walipokuwa wakitolewa majumbani mwao kule Ulaya, marafiki zao walikuwa wapi? Hawakuwa na majirani? Hawakusoma darasa moja na mtu? Hakukuwa na hata mtu mmoja waliyekopeshana chumvi?"

Ni swali zuri, na jibu lake linauma. Marafiki walikuwepo. Wengi walifunga madirisha. Wengine walichukua vitu vilivyoachwa. Wachache walifungua mlango. Leo nataka tuwatazame hao wachache, kisha nikurudishe hapa hapa Kwale, kwa sababu swali hilo liliwahi kubisha hodi kwenye milango yetu pia.

Kwanza fungua Biblia yako, 1 Samweli sura ya 20. Tumezoea kuihubiri habari ya Daudi na Yonathani kwenye makongamano ya vijana kama hadithi tamu ya watu wawili waliopendana. Isome tena polepole. Anayemwinda Daudi ni nani? Goliathi alishakufa zamani. Wafilisti wako kwao. Anayemwinda Daudi ni Sauli, baba mzazi wa Yonathani. Mikuki ni ya nyumbani kwao Yonathani, na kiti cha enzi kinachopiganiwa kingekuwa chake mwenyewe. Daudi akifa, Yonathani ndiye mfalme ajaye. Asingehitaji kufanya ubaya wowote ili apate faida. Angenyamaza tu.

Mpendwa, urafiki hupimwa hapo. Rafiki yako akishambuliwa na adui yako, kumtetea ni rahisi, maana unajitetea na wewe. Lakini siku rafiki yako anawindwa na baba yako, na kabila lako, na watu mnaoimba nao sifa Jumapili, hapo utajua kama mlikuwa marafiki au mlikuwa mnasalimiana tu.

Twende Uholanzi, mji wa Haarlem. Wengi wenu mmesikia habari za familia ya ten Boom, maana watumishi huitaja sana. Mzee Casper alikuwa fundi wa saa, mtu wa maombi, na binti zake Corrie na Betsie walikaa naye. Wajerumani walipoiteka nchi yao mwaka 1940 na kuanza kuwasaka Wayahudi, nyumba hiyo iliyokuwa juu ya duka la saa ikawa maficho. Walijenga ukuta wa uongo ndani ya chumba cha kulala cha Corrie, na nyuma yake watu wakajibana kila hatari ilipokuja. Tarehe 28 Februari 1944 walikamatwa. Na sikia hili: aliyewasaliti alikuwa Mholanzi mwenzao. Watu sita waliokuwa nyuma ya ukuta siku hiyo hawakupatikana. Lakini Mzee Casper, akiwa na miaka 84, alifariki akiwa mfungwa baada ya siku kumi. Betsie alifia kambi ya Ravensbrück Desemba mwaka huo huo. Corrie akatoka hai.

Huyo ni Mkristo. Sasa sikia habari ya Mwislamu, ambayo si wengi wanaijua. Mohamed Helmy, Mmisri, alizaliwa Khartoum mwaka 1901, akaenda Berlin kusomea udaktari. Wanazi walipotawala, alifukuzwa kazi hospitalini kwa sababu ya asili yake, akawahi kufungwa pia. Mtu kama huyo alikuwa na kila kisingizio cha kusema, "Hata mimi natafutwa, nitamsaidiaje mwingine?" Lakini msichana wa Kiyahudi aitwaye Anna Boros alipohitaji pa kujificha, Helmy alimficha kwenye kibanda chake pembezoni mwa mji mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945. Mwaka 2013, taasisi ya Yad Vashem ya Yerusalemu, inayotunza kumbukumbu ya mauaji hayo, ilimtaja miongoni mwa watu wa mataifa waliohatarisha maisha yao kuwaokoa Wayahudi. Alikuwa Mwarabu wa kwanza kupewa heshima hiyo.

Najua wengi wetu tunawapenda Wayahudi. Tunaiombea Yerusalemu kila mkesha. Basi niulize: habari za Haarlem tunazijua, za Likoni je? Watoto wetu wanajua nini kuhusu Agosti ya 1997?

Kwa nyinyi mliozaliwa baadaye, nieleze. Usiku wa Jumatano, tarehe 13 Agosti 1997, kundi la watu wenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua polisi na kuondoka na bunduki zaidi ya 40. Kuanzia hapo wakawageukia watu wa bara: Wakamba, Waluo, Wakikuyu, Waluhya. Vikaratasi vilisambazwa vikiwaambia warudi kwao. Nyumba zilichomwa. Vibanda vya biashara vilichomwa, mpaka huku kwetu Ukunda na Diani. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na makadirio ya waliokimbia makwao yanafika 100,000. Kanisa Katoliki la Likoni lilifurika watu na magodoro.

Ilikuwa miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu. Manung'uniko ya wenyeji yalikuwa ya kweli: mtu anaishi kwenye shamba la babu yake bila hati, na kazi za hoteli za pwani anaona zinakwenda kwa wageni. Wakubwa walichukua uchungu huo wa kweli wakaufanya kiberiti. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilisikia ushahidi kuhusu viapo na mafunzo katika msitu wa Kaya Bombo, na kuhusu wanasiasa waliokuwa nyuma ya mambo hayo. Kaya, mahali ambapo wazee wa Kimijikenda wamepaheshimu vizazi na vizazi, pakatumiwa kuandaa vijana wa kumwaga damu.

Mimi nilikuwa na miaka 17, niko nyumbani kwa likizo ya Agosti. Baba yangu ni Mkamba wa Machakos aliyekuja Diani kufanya kazi ya jikoni hotelini. Tulikuwa tumepanga Ukunda kwa miaka tisa, na jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Kidigo, mjane, Mwislamu wa swala tano. Simtaji jina kwa heshima ya watoto wake. Sisi tulimwita Mama tu, kama wao walivyomwita. Mwanawe wa kiume alikuwa rika langu. Tulichota maji kisima kimoja, tulicheza mpira timu moja, na kila Idd sahani ya pilau ilivuka ua kuja kwetu. Krismasi sahani ya chapati ikarudi.

Usiku ule moto ulipoanza kuonekana, Mama hakungoja tubishe. Alikuja mwenyewe, akatutoa watu watano, akatuingiza chumba cha nyuma alikohifadhi nazi na mahindi. Tulikaa humo usiku tatu. Mwanawe ndiye aliyetuletea maji na muhogo, gizani, bila taa.

Usiku wa pili waliokuja mlangoni hawakuwa wageni. Aliyetangulia alikuwa mtoto wa dada yake Mama. Wewe unayejua mila za Wadigo unaelewa uzito wake: mtoto wa dada ni mtoto wako, ni damu ya fuko lako. Kupitia ukuta wa udongo tulisikia kila neno.

"Mama, wabara wako wako wapi?"

Kimya kidogo. Kisha sauti yake, bila kutetemeka: "Humu ndani mna wanangu tu. Ukitaka kupekua chumba cha mamako, ingia."

Kijana hakuingia. Sijui ni aibu, sijui ni Mungu. Mimi naamini ni Mungu kupitia aibu. Nyumba yetu waliichoma usiku huo huo. Alfajiri ya siku ya nne Mama alitusindikiza mwenyewe mpaka barabara ya lami, mama yangu na dada zangu wakiwa wamevaa mabuibui yake, akatuacha kwenye gari lililotufikisha kwenye uwanja wa kanisa moja walipokusanyika wakimbizi.

Ningeishia hapo, mngesema Amina na kushea. Lakini ushuhuda haujaisha, na sehemu iliyobaki ndiyo inayotuhusu zaidi sisi watu wa kanisa.

Serikali ilipotuma vikosi, msako ukageuka. Sasa waliowindwa walikuwa vijana wa Kidigo. Ripoti za watetezi wa haki za binadamu zimeandika jinsi walivyokamatwa kwa mkumbo na kupigwa, wenye hatia na wasio na hatia pamoja. Rafiki yangu alikamatwa akitoka shambani. Kosa lake lilikuwa umri wake na kabila lake.

Siku ya pili Mama alifika kwenye uwanja wetu. Hebu fikiria moyo wa mama huyo: anatembea peke yake na buibui lake katikati ya mamia ya wabara waliochomewa nyumba, wengine wamezika jana. Walimtukana. Alipita tu mpaka alipomwona baba yangu, akamwambia: "Baba wa watoto, mwanao amechukuliwa."

Baba aliondoka naye bila kubadilisha shati. Kwenye kituo walikofika, afisa mmoja alifurahi kumwona Mkamba aliyechomewa nyumba. Akamwonyesha vijana waliokuwa wamekaa chini na kumwambia awatambue waliohusika. Baba alinyoosha kidole kwa mmoja tu. "Huyu ni mwanangu," akasema. "Huyu ndiye aliyetuletea maji." Afisa alicheka; tangu lini Mkamba akazaa Mdigo? Baba akakaa chini pale pale sakafuni, karibu na wale vijana, akasema hatoki bila mwanawe. Jioni wakaachiliwa wote wawili, rafiki yangu mdomo umevimba.

Sasa gharama yake. Jamaa za Mama walipojua alichofanya, hakuna aliyempiga. Walimnyima salamu. Binti yake alipoolewa mwaka uliofuata, shangazi wawili hawakukanyaga harusini. Na baba yangu aliporudi uwanjani usiku ule, ndugu zetu katika Kristo, watu waliokuwa wakisali pamoja asubuhi na jioni, walimuuliza: "Wamekuchomea nyumba na wewe unawatetea? Wamekuroga?" Wengine waliacha kula naye sufuria moja.

Soma tena 1 Samweli 20:33. Yonathani alipouliza Daudi amefanya nini, Sauli alimrushia mkuki yeye, mwanawe. Hiyo ndiyo kanuni, mpendwa. Ukisimama kati ya mwindaji na anayewindwa, mkuki utageukia kwako, na mkono unaourusha utaufahamu.

Naomba ushike mambo matatu.

LA KWANZA: Mlango hufunguliwa kabla haujabishwa. Mama hakuamua usiku ule. Aliamua kidogo kidogo kwa miaka tisa, sahani kwa sahani, ndoo kwa ndoo. Hofu ilipokuja ilikuta undugu umeshaingia ndani na kukaa. Kwa hiyo jiulize leo: ni nyumba gani isiyo ya kabila lako, isiyo ya dini yako, ambayo sahani yako imewahi kuvuka ua kwenda huko? Kama hakuna, usijidanganye kwamba siku ya moto utakuwa shujaa.

LA PILI: Kumtetea rafiki si kuwasaliti watu wako. Shetani atakuletea neno hilo, "msaliti". Mjibu kwa Maandiko. Yonathani alimwokoa Daudi, kisha akarudi nyumbani kwa baba yake, na 1 Samweli 31 inatuonyesha walivyokufa pamoja vitani mlima Gilboa. Alimpenda baba yake mpaka kufa, lakini hakukubali kumsaidia kuua. Mama aliendelea kuwa Mdigo, na baba yangu aliendelea kuwa Mkamba. Kila mmoja aliwazuia watu wake wasipotee kabisa. Ukiipenda kabila yako, utaizuia mkono inapoinua panga. Ukiipenda serikali yako, utaiambia ukweli inapopiga mtoto asiye na kosa.

LA TATU: Usihesabu dini ya anayewindwa. Mnakumbuka Desemba 2015, basi lililokuwa likienda Mandera? Magaidi walilisimamisha wakataka abiria Wakristo na Waislamu watengane, ili Wakristo wauawe. Abiria Waislamu walikataa kutengana nao. Wanawake waliwavika Wakristo hijabu. Mwalimu mmoja, Salah Farah, alipigwa risasi akikataa, na Januari 2016 akafariki hospitalini Nairobi. Sisi tuliimba nyimbo za shukrani, na ilikuwa sawa kuimba. Lakini kijana wa Kiislamu wa mtaa wako akichukuliwa usiku na watu wasiojulikana, na mama yake anazunguka vituo akimtafuta, je, kuna mtu wa kanisa lako anayefuatana naye? Au tunasema, "Labda alikuwa na makosa"? Hayo ndiyo maneno waliyosema waliofunga madirisha kule Ulaya. Labda wana makosa.

Mtu ataniuliza: Mchungaji, unatuambia dini zote ni moja? Hapana. Rafiki yangu bado ni Mwislamu, mimi ni mhubiri wa Injili, na hatujawahi kudanganyana juu ya hilo. Anajua namwombea wokovu. Yeye naye ananiombea kwa imani yake. Mama yake alipofariki, nilisimama makaburini pamoja na baba yangu, wazee wakamwacha baba atupe udongo kama mmoja wa wafiwa. Binti yangu anasoma kwa karo ambayo rafiki huyo alinisaidia kumalizia mwaka mmoja kanisa lilipokuwa halina kitu. Daudi alipokuwa mfalme alimtafuta Mefiboshethi, mtoto wa Yonathani, akamketisha mezani pake, 2 Samweli 9. Agano la marafiki wawili liliwalisha watoto wao.

Uchaguzi mwingine utakuja. Utajua unakaribia kwa sababu maneno yatabadilika kabla ya mapanga kutoka. Utasikia "wageni". Utasikia "hawa watu". Utaona ujumbe umesambazwa kwenye kikundi cha WhatsApp, labda na mzee wa kanisa, ukisema wao wametuchukulia hiki na kile. Hapo ndipo mlango wako unabishwa. Usingoje moto.

Kwa hiyo wiki hii nakupa kazi. Ujumbe wa namna hiyo ukikufikia, usiupeleke mbele, na umwambie aliyeuleta kwa upole kwamba umekataa. Mtembelee jirani mmoja ambaye si wa kwenu, usimpelekee trakti, mpelekee chakula. Na wazazi, waelezeni watoto wenu mambo ya 1997 yote mawili: nyumba zilizochomwa, na vijana waliopigwa. Mtoto anayejua upande mmoja tu wa habari ni kuni kavu.

Tuombe. Baba, katika jina la Yesu, tunaomba amani ya pwani ya kusini, kuanzia Likoni mpaka Vanga. Waponye wale ambao mpaka leo hawajarudi walikofukuzwa, na wale ambao bado wana makovu ya vipigo wasivyostahili. Wape pumziko waliofungua milango na hawakushukuriwa. Na siku mwindaji akija akiwa na sura ya ndugu yetu, tupe kinywa cha kusema: humu ndani mna wanangu tu. Amina.

Kama una jirani aliyewahi kukufungulia mlango, usiandike Amina hapa kwanza. Mpigie simu umshukuru, halafu urudi uandike.